Jiwe la Hamsini

Kiti cha Kani hakina mjomba. Hivyo ndivyo wagumu, wapagazi wa mlima wa Lango la Saba, walivyozoea kusema, na walisema kwa fahari, maana katika nchi ambayo kila kitu kina mjomba wake, kupata kimoja kisichojuana na mtu si jambo dogo. Unakaa, unafungwa mkanda kifuani, unashika mipini miwili, unakanyaga ubao, kisha umeme mdogo unakupitia na misuli inavuta yenyewe, utake usitake. Huwezi kujilegeza ili upewe mzigo mwepesi. Huwezi kujitutumua ili upate sifa. Halafu ile sauti ya mwanamke kwenye kipaza sauti, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona, inatangaza kani yako mbele ya umati, na namba kwenye bangili ya mkono wako inabadilika hapo hapo.

Jumatatu hiyo asubuhi Haika alikaa kwenye Kiti kwa sababu ya mkanda tu. Wakati yeye anaumwa walikuwa wamefunga mkanda mpya, naye, kama mpimaji wa lango, alitaka kujua kama unabana vizuri. Hakuwa na nia nyingine. Alishika mipini, umeme ukampitia, mabega yakaruka.

"Thelathini na sita," ilisema ile sauti.

Haika aligeuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine aliyeshika mpini. Hakukuwa na mtu. Alikaa tena, akavutwa tena, akaambiwa tena thelathini na sita.

Siku alipoajiriwa, miaka minane nyuma, Kiti kilimpa thelathini na moja. Tangu hapo hakupimwa tena, maana watu wa ofisini hawana haja ya bangili. Na sasa ametoka kulala wiki mbili na malaria, amekunywa supu na dawa mpaka ulimi umekuwa mchungu, na kupanda ngazi tano za kibanda asubuhi ile alipumzika mara mbili. Malaria gani hiyo inayomwongezea mtu nguvu? Kama ingekuwapo, watu wangeipanga foleni.

Nje wagumu walikuwa wameanza kukusanyika, kama sitini hivi, na mabunda yao ya nguo nyeupe yamepangwa ukutani. Theluji ya Kibo ilikwisha kabla Haika hajazaliwa. Alichokijua yeye ni hiyo nguo, kitambaa kinachorudisha jua lilikotoka, kinachotandazwa kule juu ili baridi irudi na barafu iote upya, kidogo kidogo, kama ukoko kwenye sufuria. Mradi wa Barafu ulijaribu droni kwanza. Hewa nyembamba na upepo vikaziangusha pamoja na mizigo yake, ikabaki migongo ya watu. Na ili migongo hiyo isionewe ndipo kikaletwa Kiti, na sheria fupi ambayo hata watoto wa chekechea wanaiimba: nusu ya kani yako ndiyo mzigo wako. Mwenye sitini abebe thelathini. Aliye chini ya hamsini avue bangili, akapalilie migomba nyumbani kwake.

Mambo yakafika mbali kuliko mizigo. Siku hizi posa haipelekwi bila bangili. Mama mkwe anakamata mkono wa kijana, anasoma, ndipo anauliza jina la ukoo. Wanaume waliovuliwa bangili hukaa vilabuni wamevaa mikono mirefu hata jua likiwaka, na hakuna anayewauliza kwa nini.

Haika alimfikiria Ombeni. Kijana wa watu, miaka ishirini na sita, kani sabini na moja, mzigo kilo thelathini na tano na nusu. Haika alimpima kwa mkono wake mwenyewe siku moja kabla homa haijamwangusha kitandani. Siku ya tatu ya safari, kwenye Ngazi za Mawe, Ombeni alisema anakaa chini kidogo apumzike. Hakuinuka. Daktari aliandika moyo. Na Ombeni hakuwa wa kwanza, tangu mvua za vuli wengine wawili walikuwa wameteremshwa kwa machela, wote vijana, wote namba kubwa.

Mtu mwenye sabini na moja anakufaje chini ya mzigo uliopimwa kwa sabini na moja? Swali hilo Haika aliliogopa kitandani, akasema ni homa inamsumbua. Sasa homa imekwisha na swali lipo pale pale.

*

"Hodi, mpimaji!"

Alikuwa baba yake, Mzee Ndesario, na lile jiwe begani.

Kila Jumatatu kabla ya kupima watu, Kiti chenyewe hupimwa. Kinaletwa chuma kilichopakwa rangi ya njano, kina muhuri wa serikali na namba hamsini imechongwa ubavuni, kinatundikwa kwenye ndoano kati ya mipini. Mashine inaambiwa, hii ndiyo hamsini. Nayo inaamini, kwa sababu haina njia nyingine ya kujua hamsini ni nini. Wagumu huliita jiwe, kama jiwe la mizani, na kulibeba kutoka stoo ni heshima ya mgumu mwenye umri mkubwa kuliko wote. Mzee Ndesario alikuwa na miaka sitini na minne, na heshima hiyo alikuwa nayo tangu Kiti kilipoletwa, nao walimwita meku, mzee kwa Kichaga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umepauka! Ulikuwa na haraka gani ya kurudi kazini? Mama yako alikupikia mtori, ukaula?"

"Nimeula, baba."

Mzee alilitundika jiwe likiwa limevingirishwa gunia, kama kawaida yake, kisha akalivua gunia kwa taratibu. Mashine ikanguruma.

"Hamsini. Tayari," ikasema ile sauti.

Nje wagumu walipiga makofi, kama wafanyavyo kila wiki. "Meku hazeeki!" alipaza sauti Kimambo, kiongozi wao, jitu la watu ambalo likishika mfuko wa sukari dukani litakuambia umepunjwa robo, na ukienda kupima ni robo kweli. "Tupe dawa yako, meku, hata sisi tuoe tena!"

"Dawa ni kunyamaza," alijibu mzee, wakacheka.

Haika hakucheka. Alikuwa anatazama daftari la namba. Baba yake, Januari mwaka huu: hamsini na moja. Mwaka jana: hamsini na moja. Mwaka juzi: hamsini na moja. Miaka minne mfululizo, na mwanaume huyo huyo nyumbani anaomba kufunguliwa kifuniko cha chupa ya asali.

Akalifunga daftari haraka, kama aliyeona uchi wa mtu. Hapana. Kama kuna mkono wa mtu hapa, ni wa Kampuni inayoendesha Mradi. Nani anayefaidika namba zikipanda? Si ni yule anayepeleka nguo nyingi kwa watu wale wale? Akaondoka kwenda ofisini na hasira yake imejipanga vizuri.

*

Meneja Rwezaura alikuwa anakunywa chai. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Tazama mwenyewe. Lakiri ya Kiti haijavunjwa, programu haijaguswa, hesabu zote ziko kama zilivyotoka kiwandani. Homa huondoka na mengi, Haika. Labda yako imeondoka na uvivu." Akacheka, na alianza kucheka kabla mzaha haujaisha.

"Meneja, thelathini na moja haiwi thelathini na sita kwa supu ya kongoro."

"Kuna watu hukomaa ukubwani." Akakoroga chai ambayo ilishakorogwa. "Wagumu wanaondoka saa sita. Nguo ziko nyuma na msimu wa jua umetufika shingoni. Wapime, wapewe mizigo, waende. Na Mzee Ndesario hajambo? Mwambie Kampuni inamthamini sana. Sana."

Haika alitoka nje akasimama kwenye jua. Nani alimtaja baba? Yeye hakumtaja. Amezungumza habari za Kiti, za mkanda, za namba yake mwenyewe na za Ombeni. Sasa baba ameingiaje kwenye kikombe cha chai cha Meneja?

Programu haijaguswa. Basi, kama mashine ni nzima na bado inadanganya, maana yake nayo imedanganywa. Na kitu pekee kinachosema na mashine ile ni jiwe.

Aliingia stoo. Jiwe lilikuwa pembeni, ndani ya gunia lake. Akalikamata mkononi kulisogeza tu, na likasogea. Siku za mwanzo wa kazi aliwahi kujaribu hivyo hivyo na halikutikisika, akateguka kidole. Akakumbuka kitu kingine. Wagumu wanao mwiko: ukiligusa jiwe kabla ya kupimwa, kani yako inashuka. Ndiyo maana hakuna anayelisogelea. Mwiko huo wa kale, eh? Wa kale wapi! Kiti chenyewe kina miaka minane. Mwiko ulianza miaka minne nyuma, jikoni kwao, baba akisimulia huku anakunywa mbege na wenzake, nao wakatikisa vichwa.

Akaleta toroli.

*

Bucha ya Shirima iko hatua mia mbili kutoka langoni, na ina mzani wa kuning'iniza ambao wateja huuangalia kwa macho mabaya tangu enzi za babu zake. Haika naye hakuuamini. Kwa hiyo kwanza aliomba viroba viwili vya sembe vilivyoshonwa kiwandani, kila kimoja kilo ishirini na tano, akamwambia Shirima avining'inize pamoja.

Mshale ulisimama kwenye hamsini na moja.

Shirima akatazama dari. "Huo mzani... una uzee wake."

"Una kilo moja yako, mangi. Leo sina shida nayo. Tundika hili."

Shirima akalitundika jiwe. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama kwenye arobaini na nne. Toa ya mwenye bucha, zinabaki arobaini na tatu.

"Mae!" alisema Shirima, na mara hii alisahau kuona haya. "Na mimi ndiye mnayeniita mwizi?"

Haika aliomba lilazwe ubavu. Chini, rangi ya njano ilikuwa mpya kuliko kwingine. Akaikwangua kwa ufunguo, ufunguo ukazama. Nta. Mashimo sita, yametobolewa kwa keekee kwa ustadi, yamezibwa, yamepakwa. Na hayakuwa ya siku moja, kwani nta ya shimo la kwanza ilikuwa nyeusi kwa uzee, ya mwisho bado njano inayonukia mizinga. Nyumbani kwao kulikuwa na mizinga kumi na moja. Keekee ilining'inia nyuma ya mlango wa zizi, na mpini wake Haika aliujua tangu utoto.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Haika aliisikia methali hiyo maisha yake yote na leo ndiyo ilimhusu. Akapiga hesabu kwa kidole ukutani, kwenye vumbi la unga. Arobaini na tatu imeitwa hamsini. Basi thelathini na moja yake imeitwa thelathini na sita. Ombeni wa sabini na moja alikuwa sitini na moja. Alipaswa kubeba thelathini na nusu. Alipandishwa mlima na kilo tano zisizo zake, siku tatu, kwenye hewa ambayo hata kofia ni mzigo.

Na Godi, mdogo wake, aliyekuwa amepangwa kundi la leo, alikuwa na sabini na mbili.

*

Alimkuta baba yake nyuma ya stoo, kwenye ua wa mimea ya masale, anafunga kamba za viatu. Kufunga kamba kulikuwa kunamchukua muda.

"Baba, jiwe lina kilo arobaini na tatu."

Mzee hakuinua kichwa. Alimaliza kiatu kimoja, akaanza cha pili.

"Umelipima wapi?"

"Kwa Shirima."

"Shirima ana kilo moja yake."

"Nimeitoa, baba."

Hapo mzee alikaa chini kabisa, kwenye nyasi, na Haika akaona kwamba hatakataa. Alikuwa ametamani akatae. Angalau wangegombana.

"Mwaka ule Kiti kilinipa arobaini na tisa," alisema mzee. "Ilikuwa mazoezi, kabla ya kupimwa rasmi, mimi na mashine tu asubuhi. Arobaini na tisa, Haika. Mdogo wako yuko shule, mama yako anasubiri upasuaji wa jicho. Kilo moja tu ndiyo iliyokuwa imekosekana. Nikasema, kilo moja ni nini? Nikatoboa kidogo. Mwaka uliofuata nguvu zikapungua tena, nikatoboa tena. Sikutaka kumzidi mtu, mwanangu. Nilitaka tu jiwe lizeeke pamoja na mimi."

"Na Ombeni?"

"Ombeni alikufa kwa moyo. Daktari ameandika."

"Baba, mashine ni moja! Ukijiongezea wewe umemwongezea kila mtu. Wewe umepata hamsini yako, na Ombeni akapewa kilo tano zako azibebe. Hukuliona hilo?"

Haika alimwona baba yake akilifikiria jambo lile, na aliona kabisa kwamba kwa miaka minne hakuwahi kulifikiria hata siku moja. Alitazama mstari wa hamsini tu, kama mtu anayechungulia mlangoni, hakuangalia nyuma yake wamesimama akina nani. Vijana walipofurahia namba zao kubwa alidhani ni ujana. Hata yeye aliwapigia makofi.

"Wako wengine saba," alisema taratibu. "Wazee wenzangu. Hawajui. Wanadhani bado wana hamsini. Ukisema, wote wanavuliwa leo. Nami ni miaka saba jela, sheria ya kuchezea mizani ya serikali." Akafuta uso kwa kiganja. "Sikwambii usiseme. Nakwambia tu yaliyopo."

"Godi anapanda leo na thelathini na sita."

Mzee akafumba macho. Haika alimpenda sana dakika ile na alimchukia kwa kiasi hicho hicho, akaondoka bila kuaga, anasukuma toroli.

*

Meneja Rwezaura alikuwa anamsubiri kwenye kona ya kibanda. Alilitazama toroli, akalitazama gunia, wala hakuuliza kuna nini ndani.

Ndipo Haika alipoelewa ile salamu ya chai.

"Mlijua," alisema.

"Punguza sauti. Makao makuu wana macho, Haika. Jiwe hili walilipima mwezi wa pili, wewe ukiwa likizo. Walitaka kulibadilisha. Halafu mtu mmoja akaangalia hesabu za nguo." Alizungumza kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa dawa zake. "Kila safari tunapandisha ziada ya kilo mia mbili na kitu bila kuongeza mtu. Barafu inarudi. Umeona picha? Inarudi kweli! Wajukuu zako watakunywa maji ya mlima huu. Hatukutoboa sisi. Sisi tumenyamaza tu."

"Watu wanakufa."

"Mlimani watu walikufa hata kabla ya Kiti." Akatazama saa. "Sikiliza dada yangu. Godi nitampeleka jikoni, kambi ya kwanza, leo hii. Hatapanda tena zaidi ya hapo. Mzee abaki na bangili yake na jiwe lake mpaka atakapochoka mwenyewe. Wewe rudisha hicho kitu stoo. Hakuna mtu wako atakayeumia."

"Na wale wengine sitini?"

Meneja alinyoosha kola ya shati. "Wengine nao wana dada zao."

Aliondoka kuelekea ofisini, hana hata wasiwasi. Alikuwa amepiga hesabu zake, na katika hesabu zake hakuna binti anayempeleka baba yake jela. Haika mwenyewe aliipiga hesabu hiyo mara mbili. Godi jikoni anamenya viazi, salama. Baba nyumbani na mizinga yake. Mama ana jicho lake. Kulikuwa na nini cha kukataa hapo?

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini wahenga hao hawakusema lolote juu ya anayechelea kumliza baba.

*

Saa sita kasoro wagumu walikuwa wamejipanga mstari, mabunda miguuni, wanasubiri kupimwa na kengele ya kuondoka. Mzee Ndesario alikuwa mwisho wa mstari, nafasi ya mzee wa lango. Mbele yake alisimama Akunda, kaka yake Ombeni, aliyenyoa kichwa kwa msiba na hata hivyo amekuja kazini.

Haika alilisukuma toroli mpaka mbele ya Kimambo, akalivua jiwe gunia.

"Libebe," alisema.

Kimambo alirudi nyuma hatua mbili. "Dada mpimaji, una nini leo? Hilo haliguswi. Unataka nishuke kani na safari iko mbele yangu?"

"Nani alikwambia kani inashuka?"

"Si meku..."

Wagumu walitazamana. Hakuna aliyesogea. Haika aliona mlango wa ofisi unafunguliwa, na Meneja anatoka akitembea, kisha anaharakisha. Akaita, "Godi!"

Mdogo wake alitoka mstarini. Alimtazama dada yake usoni, na alichokiona huko kilitosha, maana hakuuliza. Aliinama akaliinua jiwe mpaka kifuani. Akasimama nalo. Akalipandisha na kulishusha kidogo, kama mtu anavyomwinua mtoto kukisia umri wake.

"Dada," alisema Godi, "hii si hamsini."

"Lete hapa!" Kimambo alisahau mwiko. Alilichukua kwa mkono mmoja, akalihamishia wa pili, akafumba macho kama afanyavyo dukani. "Arobaini na tatu," alisema. "Haifiki na nusu." Akampa wa nyuma yake.

Watu hawa wamebeba tangu wana miaka kumi, saruji, mbolea, maji, maiti. Mashine ilikuwa imewaambia kwa miaka minane kwamba migongo yao haijui kitu. Jiwe likapita mikononi mwao mmoja mmoja, na kila aliyelishika alisema namba yake kwa sauti, kama wanaokula kiapo. Arobaini na tatu. Arobaini na tatu. Arobaini na mbili na ushee. Arobaini na tatu. Meneja alifika anapiga kelele kwamba hiyo ni mali ya serikali, lakini hakuna aliyegeuka kumsikiliza, na alipojaribu kupita katikati alikuta migongo. Mzee mmoja wa wale saba alipolishika alielewa mapema kuliko vijana, akaivua bangili yake kimya kimya, akaitia mfukoni, ndipo akalipitisha.

Haika alisema kwa sauti ambayo hakujua anayo. "Kwa jiwe hili ndivyo mlivyopimwa. Mwenye sabini ana sitini. Mizigo yenu yote imezidi. Na ya Ombeni ilizidi."

Jiwe lilimfikia Akunda.

Alilishika muda mrefu. Hakutaja namba. Alikuwa anaitafuta ile tofauti, zile kilo zisizokuwapo, kana kwamba atamkuta ndugu yake ndani yake. Kisha akaliinamisha, akaona ile nta.

"Nani?" aliuliza.

Haika aliweza kulileta jiwe mpaka hapo, lakini lile neno moja lililobaki hakuliweza, na tangu siku hiyo hajui kama ulikuwa upendo au woga tu.

Mzee Ndesario aliingiza mkono ndani ya koti akatoa jani la isale, bichi, la kwenye ua wa nyuma ya stoo. Kwa Wachaga jani hilo si jani. Aliyekukosea akikuletea, hata kama amekuchomea nyumba, unalipokea, na ukilipokea umesamehe. Watu wameacha kesi mahakamani kwa ajili yake. Kukataa isale ni jambo ambalo hata wazee hawalisimulii.

"Ni mimi, mwanangu," alisema mzee, na alilinyoosha jani kwa mikono miwili.

Akunda alilitazama jani. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni naye hakuwa na mkono wa kuyafuta. Bondeni gari la doria la polisi lilisikika likipanda.

"Sijakataa, meku," alisema Akunda mwishowe, sauti imekauka. "Lakini mikono yangu imejaa. Shika kwanza hili."

Akampa jiwe.

Mzee Ndesario alilipokea kifuani, na jani likabanwa kati ya chuma na shati lake. Hakulipeleka popote, maana nyuma yake hakukuwa na mtu. Mgongo ulianza kumpinda. Godi alitaka kwenda kumsaidia, Haika akamkamata mkono. Kila Jumatatu kwa miaka minane alikuwa amemwona baba yake akilibeba jiwe lile, na hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuliona likimlemea.